Maji ya Bi Tunu

Nchi yetu inaiheshimu sana sayansi, na kwa sababu ya heshima hiyo hatuisumbui. Tumeijengea wizara ya ghorofa saba, tumeipa bendera yake, na kila mwaka tunaitengea sikukuu ambayo ni marufuku kufanya kazi yoyote ya kisayansi. Jina la nchi sitalitaja. Wanaoishi humo wanalijua, na wasioishi humo wamshukuru Mungu kimyakimya.

Mimi kazi yangu ni kupika chai katika wizara hiyo, ambayo jina lake kamili ni Wizara ya Sayansi, Ngoma na Maelezo ya Jumla. Jiko langu la mkaa liko uani, chini ya ngazi. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanidhania mtu wa siasa. Mpika chai huingia mkutanoni na sinia, huinamisha kichwa, na anayoyasikia huyasikia kwa bahati mbaya.

Mwaka ninaousimulia watu wa mabondeni walianza kufa. Mtu aliamka mzima, mchana akaharisha na kutapika, alasiri macho yakazama, na magharibi majirani wakawa wanatafuta sanda. Hakikuwa kipindupindu. Kipindupindu kilikwisha kuondoka nchini kwa tamko la serikali, kikaagwa kwa gwaride na mizinga, na picha zake zipo. Waliokufa mwaka ule walikufa kwa usumbufu wa tumbo wa msimu.

Wizara ilikuwa na mwanasayansi mmoja, Daktari Tekla. Sisi wengine wote tulikuwa utawala. Alizunguka na chupa zake akachota maji visimani na mabombani, akayapima, akakuta vijidudu kila mahali, pamoja na bomba la uani kwetu. Akachapisha karatasi za kuwaeleza wananchi wachemshe maji. Karatasi zile zilipokewa vizuri sana. Zilikuwa laini na hazikuvuja mafuta, na mji mzima ulifungia karanga na bisi kwa muda mrefu.

Basi akaitwa ghorofa ya saba ajieleze, nami nikaitwa na chai.

"Daktari," alisema Mheshimiwa Waziri, "karatasi yako nimeisoma. Nimeisoma yote, hata pale penye namba. Swali langu ni moja tu. Inaimbwa na nani?"

"Haiimbwi, Mheshimiwa. Ni maelekezo."

"Hapo ndipo tunapopoteana."

Akasimama, akafunga kifungo cha koti, na wajumbe wa kamati wakaweka vikombe chini, maana kifungo kile kikifungwa kuna hotuba.

"Ndugu wajumbe. Kwa miaka mingi sayansi imekuwa ikibisha hodi mlango wa mbele, ilhali mwananchi yuko uani anasikiliza redio. Matokeo yake ni nini? Sayansi inaondoka, inasema hakuna mtu nyumbani. Serikali yenu sikivu imeamua kuipitisha sayansi uani. Kuanzia leo, vijidudu vitamfikia kila mwananchi kwa njia ya burudani."

Makofi yalikuwa marefu. Daktari Tekla naye alipiga, ila alipiga kama mtu anayejaribu kuua mbu.

*

Uani kwetu, redio maana yake ilikuwa kitu kimoja, *Mambo ya Bi Tunu*, mchezo wa kila Jumanne baada ya taarifa ya habari. Bi Tunu alikuwa mjane wa kubuniwa, mpika maandazi, mwenye ulimi wa kukata na moyo wa kulisha watoto wa wenzake. Alipokuwa hewani, maharusi walisubiri, wachezaji wa bao walishika kete mkononi, na wezi, kwa maelezo ya polisi, walikwenda nyumbani. Hata Baba Mlezi wa Taifa, ambaye hasikilizi mtu, alimsikiliza Bi Tunu.

Sauti ya Bi Tunu ilikuwa ya jirani yangu Siwema, tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja. Mwanamke mwembamba, mpole, asiyeongea sana. Mke wangu alikuwa akimtania, "Siwema, tuazime maneno mawili ya Bi Tunu tumnyamazishe mwenye nyumba," naye alicheka tu akaendelea kuchambua mchele. Nilimpenda sana mwanamke yule, kama mtu anavyompenda ndugu wa kike, na hata sasa nikikaa kumwandika mkono unakuwa mzito.

Mumewe, Kibwana, ndiye aliyekuwa mtia sauti wa mchezo. Studio ilikuwa ghorofa ya chini ya wizara yetu, na Kibwana alikuwa na kona yake. Mvua aliifanya kwa kunde na ungo. Punda alikuwa vifuu viwili vya nazi. Mlango wa Bi Tunu ulikuwa bawaba yenye kutu, ambayo Kibwana alikuwa haruhusu mtu aipake mafuta. Na palikuwa na sheria moja isiyoandikwa, ambayo kila msanii aliifundishwa siku ya kwanza. Kibwana akiinua mkono, hakuna kusema. Mkono juu maana yake sauti inakuja, na neno lolote litaiharibu. Akishusha, ndipo unasema. Nimemwona mkurugenzi mzima akiziba chafya yake kwa sababu ya mkono ule.

Siwema alikuwa akisema, "Nyumbani nazungumza nitakavyo. Studioni mume wangu ndiye bwana, mpaka ashushe mkono."

*

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Bi Tunu angekunywa maji ya kisimani bila kuyachemsha, angeugua, na Jumanne inayofuata angekufa. Taifa lingelia, na likiisha kulia lingechemsha maji. Daktari Tekla aliandika maneno yake, na kamati ikayapitia.

Neno kinyesi liliondolewa, kwa kuwa mchezo unasikilizwa wakati wa chakula. Bomba la manispaa liliondolewa, kwa kuwa manispaa wana mjumbe katika kamati. Vijidudu vilibaki, lakini vikapewa lafudhi ya nchi jirani. Daktari alipigania sentensi moja isiguswe: chemsha maji mpaka yatokote, yaache yapoe, ndipo unywe. Kamati ikasema sentensi hiyo ni nzuri ila haina kilele, itafutiwe nafasi baadaye.

Jumanne ya kwanza Bi Tunu akanywa, akaugua. Siwema aliugua kwa ustadi wa kutisha. Alifanya sauti ikauke kidogo kidogo, ikawa ya mtu anayeongea kutoka shimoni. Usiku ule nchi haikula. Asubuhi wanawake walijipanga mbele ya wizara na chupa za uji wa Bi Tunu. Mzee mmoja alileta kuku. Mabondeni, ambako kila mtaa ulikuwa na msiba wa kweli, watu waliacha mikeka yao wakaja kumjulia hali.

Saa ya chai, simu ya Mheshimiwa Waziri ikalia. Aliipokea akiwa amesimama, kwa hiyo nikajua ni nani.

"Ndiyo, Baba," alisema. "Ndiyo, Baba." Akaweka simu chini. "Bi Tunu hafi."

"Vizuri," alisema Daktari Tekla, na namsifu, maana alikuwa mwepesi. "Asife. Apewe maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, akimbizwe hospitali mara moja. Watu wengi hupona hivyo, Mheshimiwa. Ndiyo habari yenyewe tunayotaka waisikie."

Kamati ikalijadili jambo hilo. Mjumbe wa fedha akauliza, akipelekwa hospitali, ni hospitali ipi? Wasikilizaji watataka kwenda hiyo hiyo. Mjumbe wa itifaki akauliza, akipona kwa chumvi na sukari, Baba Mlezi atakuwa amefanya nini? Swali hilo lilimaliza kikao. Jumanne ya pili, Bi Tunu alisomewa kitandani salamu za pole kutoka kwa Baba Mlezi wa Taifa, na salamu zilipofika kwenye sahihi akaketi, akaomba maandazi. Habari za kupona kwake zikatangazwa katika Gazeti la Serikali, ukurasa wa mbele, zikawa sheria.

Wananchi wakaelewa somo. Mabondeni, mtu akianza kuharisha, ndugu walimlaza vizuri, wakamwekea redio karibu na sikio, wakangoja marudio ya salamu. Betri ziliadimika madukani. Nilimzika binamu ya mke wangu siku hizo, na walipomtoa ndani kumwosha, redio ilikuwa bado imewashwa kwenye mto.

Nilimkuta Daktari Tekla ameketi kwenye ngazi juu ya jiko langu. Nikampa kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, hakunywa.

"Baba Sikudhani," aliniambia, "nimewapa redio nikidhani nawapa maji."

*

Ili kumtuliza, kamati ilimpa sentensi yake. Jumanne ya tatu Bi Tunu, mzima wa afya, angechemsha maji mbele ya taifa na kuyanywa.

Siku ya kurekodi nilikuwepo studioni, nimepeleka chai ya mwelekezi wa mchezo, Bwana Fideli. Wasanii hawamo katika daraja la chai. Daraja la chai linaanzia kwa wakurugenzi wasaidizi kwenda juu, na hapa niseme jambo ambalo wizara ilijivunia sana baadaye: katika msimu wote ule, hakuna mjumbe hata mmoja wa kamati aliyeugua. Wenyewe walisema ni nidhamu.

Moto ulikuwa marufuku studioni. Kwa hiyo Kibwana, alipotaka maji yachemke, alijaza glasi kwenye bomba la uani, akatia mrija, akapuliza. Alianza taratibu, povu moja moja, kisha akakaza pumzi. Ukifumba macho, ni sufuria. Akainua mkono, sote kimya, maji yakatokota. Akashusha mkono.

"Yametokota, wanangu," alisema Bi Tunu. "Sasa tunayaacha yapoe, ndipo tunywe."

Ikapigwa zumari fupi kuonyesha kwamba yamepoa. Siwema akachukua glasi ile ile akanywa, maana Bwana Fideli alikuwa hataki msanii ameze mate. Alisema mtu akimeza mate kwenye redio husikika kama chura.

Daktari Tekla alikuwa amekaa nyuma ya kioo. Akasimama, akafungua mlango.

"Samahani. Maji hayo yamechemshwa?"

"Yamechemshwa vizuri sana, Daktari," alisema Bwana Fideli. "Umesikia mwenyewe."

"Nauliza haya yaliyo kwenye glasi."

"Na mimi nakujibu haya haya. Taifa zima litayasikia yakichemka. Sasa umetuharibia rekodi. Kibwana, jaza nyingine, turudie."

Daktari alishikwa kiwiko kwa heshima akatolewa nje. Nilimwona Kibwana amesimama na glasi tupu, anamtazama mkewe. Alikuwa amemsikia Daktari, sote tulimsikia. Siwema alikuwa amechoka, viatu amevivua chini ya meza.

"Jaza tu, bwana wangu," alisema. "Kazi iishe twende nyumbani."

Akajaza. Wakarudia. Bwana Fideli akataka mara nyingine, kwa kuwa kumeza hakukuwa na furaha ya kutosha, na ile ya mwisho ilikuwa na furaha ya kutosha.

*

Kibwana aligonga ukuta alfajiri iliyofuata. Tulipoingia, Siwema alikuwa chini, mguu wa kitanda ameukumbatia, na mke wangu hakuuliza kitu, alirudi mbio kuwasha moto. Tukampakia kwenye mkokoteni wa muuza magimbi, Kibwana mbele, mimi nyuma nasukuma.

Njiani alikuwa akiugulia, na kwa bahati mbaya yake sauti ile ilijulikana kila nyumba. Madirisha yakafunguka. "Ni Bi Tunu," mtu akasema, na habari ikatutangulia. Wakatoka, wakapanga mstari barabarani. Alipougulia wakapiga makofi. Mama mmoja alitembea nasi kipande kirefu, amefumba macho ili asikie vizuri.

"Hivi hivi ndivyo alivyougua ile Jumanne," aliwaambia wenzake. "Mwenzetu ana kipaji."

"Anaumwa, mama," nikamwambia.

"Naam. Unaona anavyokufanya uamini?"

Hospitali tulipokewa na mganga wa zamu, kijana mwenye adabu, koti limepigwa pasi. Alimwinamia Siwema, akasikiliza, akanyanyuka amepauka.

"Huyu amekwisha kupona," alisema. "Imetoka katika Gazeti la Serikali. Tumelibandika pale."

"Aliyepona ni Bi Tunu," alisema Kibwana. "Huyu ni mke wangu. Anaitwa Siwema."

"Na sauti hii ni ya nani?"

Kibwana hakuwa mtu wa kusema uongo. "Sauti ni ya Bi Tunu," alisema.

"Basi, kaka, naomba unielewe. Nikimlaza mtu mwenye sauti hii nitakuwa nimeandika kwamba salamu za Baba Mlezi hazikumponya. Leteni kibali cha wizara, nampokea sasa hivi. Kitanda kipo."

Na kweli kilikuwepo. Tulikiona kupitia mlangoni, kimetandikwa.

Nilikimbia mimi. Ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa kwa maandalizi ya Wiki ya Sayansi, nikamkimbilia Daktari Tekla kwake, akaja bila kufunga mlango wa nyumba, na chupa ya maji ya chumvi na sukari kifuani. Tukawakuta barazani pa hospitali, sakafuni. Daktari akapiga magoti, akawa anamnywesha kijiko kwa kijiko, kinarudi, anamnywesha tena. Ngozi ya Siwema ukiifinya ilibaki vile vile ulivyoifinya.

Ugonjwa ule hukausha mwili wote, na sauti nayo hukauka. Ilianza kupungua mchana. Ikawa kama ile ya Jumanne ya kwanza, ya mtu aliye shimoni, kisha ikapita pale alipowahi kuifikisha. Kibwana aliinamia mdomo wake.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema nisikae juani."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho yenye sauti. Mganga wa zamu alitoka, akamwinamia, akasikiliza kwa makini. Akasikiliza tena. Uso wake ukachangamka, maana hakuwa mtu mbaya.

"Sasa hana tena sauti ya Bi Tunu," alisema. "Huyu ni mgonjwa wa kawaida. Anaweza kulazwa."

Akalazwa haraka, kwa jina lake mwenyewe, Siwema. Walimtafuta mshipa mkono huu na mkono ule, hawakuuona. Alikufa kabla ya magharibi, kitandani, kwa usumbufu wa tumbo wa msimu.

*

Tulimzika tukiwa wachache. Tangazo la msiba lilikataliwa redioni, kwa kuwa lingechanganya wasikilizaji. Jioni tukakaa matangani, nje kwa Kibwana, kwenye mikeka. Ilikuwa Jumanne.

Saa ilipokaribia, watu walianza kujigeuzageuza. Walikuwa majirani wema, hawakutaka kumkosea mfiwa. Mwishowe mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kibwana, ndugu yetu, kama hutajali, kwa sauti ndogo tu." Kibwana akaitikia kwa kichwa. Redio ikaletwa, ikawekwa katikati ya mkeka.

Akaja. Alikuja anacheka, anamsimanga muuza unga, mzima kabisa. Kisha akasema sasa anaweka maji jikoni, na kukawa kimya, na maji yakaanza kutokota. Mimi nilikuwa ubavuni mwa Kibwana. Alikuwa anaisikia pumzi yake mwenyewe. Midomo yake ilijikunja kidogo, kama iliyoshika mrija.

"Yametokota, wanangu," alisema Siwema. "Sasa tunayaacha yapoe, ndipo tunywe."

Zumari. Akanywa, kwa furaha ya kutosha.

Mzee mmoja upande wa pili wa mkeka akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," alisema. "Afadhali yeye alipona."

Kibwana akainuka akaingia ndani, nasi tukajifanya hatukumwona.

*

Wizara ilimpata Bi Tunu mwingine upesi, msichana aliyeweza kumwiga Siwema mpaka vile alivyovuta pumzi kabla ya kukaripia. Taifa halikutambua, au lilitambua likaona si mahali pake kusema. Ikatangazwa kwamba kilele cha Wiki ya Sayansi kitakuwa *Mambo ya Bi Tunu* moja kwa moja hewani, wageni waalikwa wakiwa nyuma ya kioo na Baba Mlezi akisikiliza Ikulu. Kwa kuwa lile la kuchemsha maji lilipendwa, Bi Tunu angechemsha tena.

Asubuhi ya siku hiyo Kibwana alikuja chini ya ngazi. Alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia.

"Baba Sikudhani, niazime jiko lako."

"Studioni moto hauruhusiwi."

"Najua."

Nikamtilia mkaa. Akalifunika jiko kwa kanga ya mkewe, akalibeba kati ya ungo na vifuu, akapita mbele ya Bwana Fideli, ambaye hakuwahi hata siku moja kutazama kona ile.

Mimi nilikuwa nyuma ya kioo na sinia. Mchezo ulianza vizuri, Mheshimiwa Waziri akawa anawatafsiria mabalozi vichekesho. Ikafika zamu ya maji. "Sasa, wanangu, naweka maji jikoni," alisema msichana, akamgeukia Kibwana akitarajia mrija na glasi.

Kibwana alikuwa amechutama. Kanga ameiondoa, mkaa unashika, sufuria iko juu. Akainua mkono.

Msichana akanyamaza, kama alivyofundishwa. Wote wakanyamaza. Hewani palisikika pepeo la jiko tu, na mkaa ukipasukapasuka. Mkono ukabaki juu. Bwana Fideli alipunga mikono nyuma ya kioo, akaonyesha saa, akajikata koo kwa kidole. Kibwana alikuwa anaitazama sufuria. Mheshimiwa Waziri alikwenda mpaka mlangoni, akashika kitasa, akasimama pale. Neno lolote ambalo lingesemwa mle ndani lingekuwa ndilo neno linalosikika Ikulu, na kila mmoja alipendelea liwe la mwenzake.

Maji ya sufuria nzima, kwa jiko la mkaa, yanachukua muda. Ninyi wapishi mnajua. Kwanza hayasemi kitu. Kisha yanaanza kulalama chini chini, halafu yananyamaza, unadhani yameghairi. Nchi nzima ilikaa inayasikiliza. Kibwana alibadilisha mkono wa kupepea, mwingine ukapanda, machozi yanamdondoka hayafuti. Msichana naye alikuwa analia, mkono ameuweka mdomoni asije akatoa sauti.

Mke wangu ndiye aliyenisimulia ya mtaani. Mwanzoni walidhani redio imeharibika, wakaipigapiga. Kisha mtu akasema, nyamazeni, anachemsha. Wakanyamaza. Na walipokuwa wameketi hawana la kufanya, wanangoja maji ya mwanamke wa kubuniwa, mama mmoja akainuka akaweka ya kwake. Akasikika kwa jirani. Akainuka mwingine. Mke wangu anasema ulisikia masufuria yakikalishwa juu ya mafiga kutoka nyumba hii mpaka ile, hakuna anayezungumza.

Mwishowe kifuniko kikaanza kugongagonga. Kibwana akakiacha kigonge mpaka aliporidhika, akashusha mkono.

"Yametokota," alisema msichana, na maneno mengine akayasahau.

Kibwana akamimina kwenye kikombe. Kisha akainua mkono tena, kwa kuwa maji ya moto hayanyweki. Muda wa kipindi uliisha yakiwa bado yanapoa, ukapigwa wimbo wa taifa, na hakuna aliyekunywa.

*

Kamati ilikaa wiki nzima. Ilibainika kwamba sauti ile haikuwa ya uhalisia, kwa kuwa wananchi wameshazoea sauti sahihi ya maji yanayochemka, na kuwabadilishia ghafla ni kuwapotosha kisayansi. Kibwana aliachishwa kazi kwa kosa la kuleta ukimya hewani bila idhini. Daktari Tekla alihamishiwa Idara ya Ngoma, anahesabu marimba. Mimi nilionywa, na jiko langu sasa limefungwa mnyororo. Misiba ya mabondeni ilipopungua, Mheshimiwa Waziri alipewa nishani, nayo ilipokelewa kwa hotuba.

Mrija umerudi. Kila Jumanne Bi Tunu anaweka maji jikoni, mtia sauti mpya anapuliza, na kabla hujakohoa yameshatokota.

Lakini mtaani kwetu kumeingia tabia ambayo wizara haijaipatia jina. Bi Tunu akisema, "Yametokota, wanangu," watu hawamfokei wala hawamcheki. Humjibu tu, kila mmoja kutoka jikoni kwake, watoto na wazee, kwa upole, kama unavyomjibu mtu mzima aliyeanza kusahau.

"Bado."

Kibwana huwa nje kwake saa hiyo, hana redio siku hizi. Huwasikiliza. Mara nyingine nakwenda nakaa naye. Hungoja mpaka vifuniko vya majirani vianze kugongagonga, kimoja huku, kingine kule, na kile cha mke wangu nyuma ya ukuta. Ndipo huniaga, akaingia ndani kulala.